Kumi na Mmoja Waliobaki Nyumbani

Jumamosi standi ya Bariadi haina adabu. Katika kusukumana, kijana mmoja alimkanyaga Mektilda pindo la gauni lake la kitenge cha bluu, likachanika hadi gotini.

"Nisamehe, dada. Duka la vitambaa la familia yetu lile pale, na fundi yupo barazani."

Kijana aliitwa Muksini. Fundi alipomaliza kushona, walikuwa wameshapeana namba za simu.

Mektilda alifundisha hisabati darasa la sita huko Dutwa. Muksini alifanya kazi kwenye mradi uliopima wanafunzi, na mwalimu ambaye darasa lake lilifanya vizuri aliongezewa bonasi. Kila jioni Muksini alimpigia Mektilda simu.

"Leo umefundisha nini, mpenzi?"

"Namba tasa. Zile zisizokubali kugawanywa ovyo."

"Basi na mimi ni tasa."

"Mama yako asikusikie."

Siku ya mtihani ni Muksini aliyeleta karatasi. Daftari la mahudhurio lilikuwa na majina hamsini na mawili. Darasani aliwakuta arobaini na mmoja. Akamwita Mektilda nyuma ya darasa.

"Wengine wako wapi?"

"Niliwaambia wabaki nyumbani. Wangenishushia wastani." Hakuweza kumtazama. "Bonasi ndiyo dawa za baba, Muksini. Andika ni wagonjwa."

Muksini aliyahesabu majina yale kumi na moja. Kisha akaandika, akatia sahihi.

Bonasi ikatoka. Watoto kumi walirudi shuleni; Kulwa, binti aliyekuwa bado akihesabu kwa vidole, hakurudi. Mektilda alipanda baiskeli hadi kwao. Mama mtu alikuwa akichambua pamba, wala hakumpa kigoda.

"Si ulimwambia mwenyewe kuwa hawezi? Baba yake akasema basi, asipoteze muda. Ameozwa kule Zagayu. Ng'ombe wa mahari wale pale zizini."

"Mama, ana miaka kumi na mitatu."

"Na siku ile ulipomrudisha nyumbani, alikuwa na mingapi?"

Jioni Muksini alipiga simu kwa furaha. "Nimeongea na mama. Mwezi ujao tunaleta posa."

"Kwanza tuseme kwamba tulidanganya."

"Nitafukuzwa, Mektilda. Niliandika kwa ajili yako."

"Najua. Barua yangu kwa mradi haitakutaja."

Haikumtaja, lakini sahihi kwenye daftari la mahudhurio ilikuwa yake. Mradi ulimwachisha kazi. Mektilda akanyang'anywa bonasi na kuhamishiwa shule ya Sola. Maofisa wa ustawi wa jamii walipofika Zagayu, Kulwa alikuwa ameshaondolewa, na hakuna aliyekubali kusema amepelekwa wapi.

Muksini alipiga mara ya mwisho Mektilda akifunga mizigo.

"Sina kinyongo na wewe," alisema. "Ungeniomba tena leo, ningeandika vilevile."

Kwa wiki nzima Mektilda alikuwa akingoja aseme kwamba asingeandika.

"Usije Sola, Muksini," alimwambia, akakata simu, akaketi juu ya godoro lililofungwa kamba, akalia mpaka dereva wa gari la mizigo alipogonga mlango.