Mita Mia Tatu na Kumi na Mbili

— Sikuja kukuona wewe. Nimeleta mgonjwa.

Karani wa ofisi ya misitu alisema hivyo huku akiweka kidude cha kijani juu ya meza ya fundi, katikati ya bisibisi na redio zilizofumuliwa matumbo. Fundi hakuinua macho. Kidude kile angekitambua hata gizani, kwa harufu tu. Kilikuwa kifaa cha GPS cha kushika mkononi, chenye kioo kidogo na mshale wa kuonyesha njia, na miezi saba iliyopita kilikuwa kikining'inia kifuani kwa mwanaume ambaye mji mzima ulimwita Bwana Miti, kwa sababu alikuwa mlinzi wa msitu na alikuwa akisalimia miti kabla ya watu. Fundi alikuwa ameapa kutolitamka jina hilo mpaka siku ya kufukiwa.

Karani alikuwa dada yake Bwana Miti. Zamani, kabla mambo hayajachacha, fundi alimwita wifi.

— Kinaumwa nini? fundi aliuliza, akijifanya anatafuta koleo.

— Kinadanganya. Amekabidhiwa mlinzi mpya, na kila akituma namba za mahali alipo, wenzake wanatokea kwingine. Juzi kawaita kuzima moto, wakaibukia kwenye shamba la viazi la watu na ndoo zao. Halafu huko milimani kioo ni cheupe, ramani hakuna.

— Na mwenyewe wa zamani yuko wapi?

— Amehamishiwa kituo cha mpakani. Anaondoka Jumatatu. Godoro ameshaligawa, kwa hiyo usinitazame hivyo, wifi. Mtu akigawa godoro harudi.

Neno wifi lilimtoka karani kwa mazoea tu. Wote wawili walilisikia, wala hakuna aliyelisahihisha.

Ilikuwa Alhamisi. Fundi alihesabu siku zilizobaki mpaka Jumatatu, akakasirika kwa kuwa amezihesabu.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Miezi saba nyuma, Jumamosi, Bwana Miti alikuwa aje kuposa nyumbani kwa bibi yake fundi, juu kabisa milimani, ambako barabara haina jina na simu haishiki mtandao hata ukipanda juu ya paa. Fundi alimtumia namba za mahali, tarakimu nyingi kama hesabu ya mchanga, ili aziingize kwenye kidude na mshale umlete mpaka mlangoni. Wajomba walivaa makoti. Saa tatu ikapita, saa sita ikapita, wajomba wakavua makoti. Bibi, ambaye kwa kawaida akinyamaza kuku huja kuchungulia kama yu hai, alinyamaza mpaka jua linazama. Bwana Miti hakuonekana.

Jioni, fundi aliposhuka hadi penye mtandao, jumbe mbili zilipishana njiani.

Wake ulisema: "Umeniaibisha mbele ya ukoo mzima. Usinitafute."

Wa Bwana Miti ulisema: "Mimi nilifika, nyinyi hamkuwepo. Mngenikataa kwa mdomo tu, msingenipeleka porini."

Uongo wa mchana kweupe, fundi alijiambia, akamfungia namba. Hakuifungua tena.

Sasa alichukua kidude akatoka nacho uani, maana ndani ya kuta vitu hivi havioni mbingu. Alifungua mfuniko wa nyuma, akafuta kutu kwenye vishikizo vya betri, akabadilisha betri, akawasha. Karani alimfuata na kiti.

— Hivi ni kweli kinaongea na vitu vya angani?

— Hakiongei. Kinasikiliza tu. Huko juu kuna setilaiti, mbali kuliko unavyoweza kufikiria, kila moja inasema saa ngapi na iko wapi. Hiki kinasikiliza, kinapiga hesabu, kinajua kimesimama wapi.

Kwenye kioo, vijiti vidogo vilianza kuchomoza kimoja kimoja. Vinne. Saba. Kumi na moja. Fundi alikuwa ameifanya kazi hii miaka tisa, na bado kila vijiti vilipopanda alihisi kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ya mkubwa na akaitikiwa. Karani aliangalia juu mdomo wazi, akaona mawingu tu.

Ilibidi dira nayo irekebishwe. Ili kufanya hivyo mtu hukishika kidude mbele ya kifua na kujizungusha taratibu mara mbili. Bwana Miti alijizungusha hivyo hivyo hapo uani siku ya kwanza alipokuja, kwa heshima zote, macho yakiwa yamemgandia fundi kila mzunguko, mpaka majirani wakadhani anapungwa pepo. Fundi alizunguka haraka ili asikumbuke. Alikumbuka.

Hapo ndipo alipokigeuza kidude na kuona kipande cha karatasi kilichobandikwa mgongoni. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe: "Kipimo cha zamani. Usiguse."

Alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa.

— Wifi, vipi? karani aliuliza.

— Mimi ndiye niliyeandika hii.

Alieleza polepole, kama anayejieleza mwenyewe. Ofisi ya misitu ilikuwa na ramani za karatasi za miaka mingi, zilizopimwa kwa kipimo cha zamani. Bwana Miti alimwomba akiweke kidude kwenye kipimo hicho ili namba zilingane na karatasi zake. Akakiweka. Lakini namba alizomtumia za kwa bibi alizichukua kwenye simu, na simu hutumia kipimo kipya. Ukiziingiza namba za kipimo kipya kwenye kidude chenye kipimo cha zamani, zinakubali bila kulalamika, ila zinakwenda kuangukia pembeni.

— Pembeni kiasi gani?

Fundi alifungua orodha ya vituo vilivyohifadhiwa. Kimoja kiliitwa POSA. Alirudisha kipimo kipya, kisha akaingiza namba za kwa bibi upya. Alizijua kwa moyo, na moyo huo ndio uliokuwa ukimsaliti sasa. Nukta mbili zikatokea kwenye kioo. Aliuliza umbali wa moja hadi nyingine.

— Mita mia tatu na kumi na mbili.

— Basi si karibu tu? Angetembea.

— Kati yake kuna korongo. Halafu ramani ya milimani sikumwekea. Kadi yake ya kumbukumbu ilikuwa imejaa, nikaweka ya bondeni peke yake, nikasema ya juu nitaongeza baadaye. Kioo chake kilikuwa cheupe, wifi. Hakulijua hilo korongo mpaka alipolifikia.

Kulikuwa na jambo moja zaidi la kuangalia. Kidude kile, kama hazijafutwa, huhifadhi nyayo za mwenyewe: mstari wa kila alipopita na saa aliyopita. Fundi alitafuta Jumamosi ile. Ilikuwepo.

Mstari ulipanda mlima bila kusita mpaka kwenye kituo cha POSA. Saa tatu kasoro dakika nne. Pale ukaanza kuhangaika. Ulikwenda kushoto kando ya korongo, ukarudi. Ulikwenda kulia, ukarudi. Mara mbili ulijaribu kuteremka, ukakomea, ukapanda tena. Mstari juu ya mstari, mpaka ile nukta ikawa fundo jeusi kama uzi uliochezewa na paka. Kisha ukatulia. Saa ya mwisho kabla haujashuka mlima ilikuwa kumi na moja na dakika kumi jioni.

— Saa nane nzima, fundi alisema. Alisimama saa nane nzima.

Karani alikuwa ameshaweka mkono mdomoni.

— Alirudi na miiba mpaka kwenye nyusi, alisema. Nilipomuuliza kwa nini hakuangalia kama kidude kimewekwa sawa, alinijibu kuwa umeandika asiguse.

Fundi alikumbuka kitu ambacho miezi saba hakikuwa na maana. Mchana wa siku ile ukungu ulikuwa mzito kama blanketi, huoni hata mgomba wa uani. Alikuwa jikoni akasikia sauti ng'ambo. Alimwambia bibi kuna mtu anaita. Bibi akajibu kuwa ni mwangwi wa wapasua mbao. Akaendelea kukatakata vitunguu.

Alisikia, na hakuitika.

Ijumaa ilimwona fundi akiweka ramani ya milimani kwenye kadi mpya, na kung'oa ile karatasi kwa kucha. Mchana alimfungulia Bwana Miti namba, akaandika, akafuta, akaandika tena:

"Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa pale uliponingojea. Nitakaa mpaka saa kumi na moja. Kosa lilikuwa langu."

Ujumbe ulipata tiki moja tu. Jioni, tiki moja. Alimpigia karani, simu haipatikani. Alfajiri ya Jumamosi, tiki ile ile moja, imekaa peke yake kama mjane.

Alikwenda hivyo hivyo. Hapo lazima ijulikane kuwa fundi huyu wa ramani alikuwa na kipaji cha kupotea. Siku moja alitoka kununua sabuni akaishia kwenye harusi asiyoijua, akala, na mpaka leo yumo kwenye picha ya familia, mstari wa mbele. Kuingia msituni peke yake ilikuwa kama paka kuingia mtoni. Lakini alikishika kidude mbele ya kifua kwa mikono miwili, akafuata nyayo za Bwana Miti hatua kwa hatua: alipopinda akapinda, alipopumzika akapumzika. Palipokuwa na mstari mnyoofu katikati ya miiba, aliona matawi yaliyovunjwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kuposa.

Saa tatu kasoro dakika mbili, kidude kililia kuwa amefika.

Hapakuwa na kitu. Ukungu, ukingo wa korongo, jiwe bapa. Halafu akaona, juu ya tawi la mti, tai nyekundu ya shingoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyemnunulia Bwana Miti kwa ajili ya posa. Mvua za miezi saba zilikuwa zimeifubaza mpaka ikawa rangi ya udongo, lakini ilikuwa imening'inizwa vizuri, fundo lake limekazwa, kama mtu aliyeivua nyumbani mwake. Fundi hakuigusa. Aliketi kwenye jiwe, na alipokaa akahisi jiwe limeshazoea kukaliwa.

Saa ya kwanza alipanga maneno. Saa ya pili aliyasahau. Ya tatu alilia, ya nne alikula ndizi na kujiona mjinga. Alianza kuzielewa zile saa nane za Bwana Miti kwa mifupa yake. Kwenye kioo zilikuwa mstari tu. Akajua pia kuwa asipokuja mtu, Jumatatu itafika na godoro litabaki kwa jirani.

Saa nane mchana sauti ikatokea ng'ambo.

Aliganda. Sauti ilirudi tena, ya mwanaume, ikapasua ukungu. Ilikuwa inaita "fundi", neno hilo tu, kama alivyokuwa akiitwa uani siku zote.

Safari hii aliitika.

— Niko huku.

Sauti ikauliza:

— Huku wapi?

— Pale uliponingojea. Wewe uko wapi?

— Kwa bibi yako. Tangu jana. Dada alinieleza yote, nikaingiza zile namba zako kwenye simu yangu. Sijawahi kuzifuta. Nimefika mpaka mlangoni. Sasa nilikuwa naita nijue kama siku ile sauti yangu ilivuka korongo.

Fundi alicheka mpaka akashika mti. Bwana Miti alikuwa amepanda juu, nje ya mtandao, kabla ujumbe haujamfikia, akawatafuta wazee kwanza kama inavyostahili mtu mwenye adabu. Wakati yeye anakwenda kwenye kosa, mwenzake alikuwa ameshakwenda kwenye usahihi. Kati yao mita zile zile.

— Nilikusikia siku ile, fundi alisema. Nilisikia mtu anaita. Sikuitika. Nisamehe.

Sauti ya ng'ambo ikasogea karibu zaidi na ukingo.

— Ulisikia?

— Nilisikia.

— Basi sikuwa peke yangu, Bwana Miti alisema, na hata kwa umbali ule sauti yake ilikuwa imelowa.

Hapo sauti ya tatu iliingilia, nyembamba na kali.

— Mjukuu wangu, umekaa huko saa ngapi?

— Tano, bibi.

— Mwenzako alikaa nane. Nakudai tatu, utazilipa kwenye ndoa. Posa imeshaletwa, wajomba wamevaa makoti tena na yanawabana. Unamtaka au humtaka? Sema kwa nguvu, mjomba wako mkubwa masikio yake yamezeeka.

— Namtaka.

— Hajasikia.

— Namtaka, mjomba.

Ukungu ukaanza kuinuka. Hakuna aliyeuamuru, ulijiinukia wenyewe, kama pazia linalovutwa na mtu asiye na haraka. Kwanza likaonekana paa la bati. Kisha wazee kwenye viti vyao, wadogo kama punje. Kisha mtu mmoja mrefu ukingoni, amevaa tai mpya, mkono juu. Nyumba ilikuwa hapo wakati wote. Fundi alisimama akashangaa jinsi kitu kikubwa namna ile, ukoo mzima na makoti yao, kilivyoweza kufichwa na pumzi ya mlima.

Bibi alimwelekeza njia ya mbuzi: ashike mti mkubwa, ateremke kushoto, asitazame chini. Bwana Miti alianza kuteremka upande wake bila kuelekezwa. Fundi alifunga ile tai kuukuu mkononi, akaingia korongoni na kidude kikihesabu kurudi nyuma kuelekea kwa bibi. Mia tatu na kumi na mbili. Mia mbili na tisini. Mia mbili na kumi. Kuta za mawe zilipanda, anga ikawa uchochoro, na vile vijiti vya setilaiti vikaanza kuzimika kimoja kimoja, mpaka mshale ukaganda.

Bwana Miti alikuwa amesimama mbele yake, kwenye maji yaliyofika vifundoni, miiba kwenye nyusi.

Kioo kilisema bado mita mia moja hamsini na sita. Fundi alikizima.