Nyumba ni Yangu, Ruhusa ya Nini?

Asubuhi ile Dévote, mpangaji, alikuwa anaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, uani, watoto wake wanafagia. Mwenye nyumba, Mama Constance, alisimama mikono kiunoni akiwahimiza mafundi. Nyumba hiyo ya kupangisha, hapo mjini Baraka, aliachiwa na marehemu mume wake. Ilikuwa ya matofali ya udongo, imechoka kabisa. Alitaka kupanua vyumba na kuweka mabati mapya juu ya kuta zilezile.

Upande mmoja mabati yalikuwa yameshatolewa. Akaingia kijana amevaa jile, kizibao cha wakaguzi.

"Mama, autorisation ya kujenga iko wapi?"

"Mi sijengi! Natengeneza nyumba yangu!"

"Basi simamisha kazi. Ao nipatie feza kidogo ya sucré, ya soda, mi nafunga macho."

Mama Constance aliwaka. "Ya sucré! Mawingu inakuja, batoto ya bantu bako inje, na we unanilomba ya sucré? Huna haya? Toka!"

Kijana alitoka akitisha kuleta polisi. Mafundi waliogopa, wakashuka. Mama Constance akaenda moja kwa moja kwa jirani yake Nadège, anayefanya kazi kwenye bureau ya ujenzi.

"Nadège! Ni nyinyi munatuma bezi banilombe autorisation na ya sucré?"

"Yule hatumujui, mama. Mutu wa bureau anaonyesha karatasi ya kazi, na hapokei feza mukononi."

"Kumbe muongo!"

"Muongo, ndiyo. Lakini alichouliza ni kweli. Kupanua nyumba kunataka ruhusa, hata nyumba ikiwa ya zamani."

"Nyumba ni yangu! Ruhusa ya nini?"

"We unalala ndani yake?"

Mama Constance alikuwa analala kwake, avenue ya pili. Hasira ilimpanda, na safari hii hakujua amtupie nani.

"Lete karatasi ya parcelle, ya kiwanja, na mchoro wa nyumba," Nadège alisema. "Tutakuja kuangalia. Utalipa banki, upewe reçu. Ukipata autorisation, ndipo uanze."

"Na mvua?"

"Dévote na batoto balale kwako."

"Kwangu?"

"Ni nani alitoa mabati, mama? Ni mimi?"

Mama Constance aliwapokea, huku ananung'unika. Karatasi alipeleka. Nadège alikuja na mwenzake, wakachimba kidogo chini ya ukuta. Hapakuwa na jiwe hata moja la msingi, udongo mtupu ulioliwa na maji. Fundi Norbert aliusukuma kwa bega. Ukuta wote ulianguka, puu! Ulifunika pale watoto walipozoea kutandika mkeka wao wa kulala.

Dévote alikuwa amekuja kutazama. Alimgeukia mwenye nyumba kwa hasira.

"Mama Constance, nyumba ni yako. Lakini batoto ni bangu!"

Mama Constance alitokwa na machozi mbele ya mafundi.

Autorisation ilipotoka, walianza chini kabisa, kwa mawe na simenti. Nadège alipita kukagua kila hatua. Yule wa jile hakuonekana tena.

Mvua kubwa ya kwanza baada ya nyumba kwisha ilimkuta Mama Constance kwa Dévote, aliyekuwa amerudi. Alivuta kiti, akaketi na mgongo ukutani.

"Sogea huku, mama," Dévote alimwambia.

"Hapana. Kama ukuta utaanguka, uanguke juu yangu."

Mvua ilipiga mpaka jioni. Ukuta haukutikisika. Watoto waliendelea kula ugali wao.