Punda Aliyeacha Kucheka

Haya yalimpata rafiki yangu, mchoraji wa katuni, na Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Yeye na mdogo wake walikuwa wakitengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu punda anayeogopa nyasi. Punda yule alibuniwa na mdogo mtu. Filamu ilikwama mara mbili, hadithi ikaandikwa upya, na katikati ya vurugu hizo mdogo mtu akafariki. Rafiki yangu alichukua mkasi, akakata kona yenye jina la marehemu katika kila mchoro, akasema punda ni wake. Mama yao alikuwa bado anangoja kuliona jina la mwanawe kwenye filamu.

Mchana mmoja mwongozaji akamwambia, "Kaka mkubwa, tunarudi kwa punda wako wa mwanzo. Huyu mpya hachekeshi hata watoto wa chekechea! Niletee michoro yote."

"Dakika mbili tu, bosi."

Alipoingia stoo, umeme ukakatika. Mle hamna dirisha. Gizani akasikia penseli ikikwaruza karatasi, polepole, kama mdogo wake alivyozoea kuchora.

"Nani?"

Penseli ikanyamaza.

"Nisamehe, mdogo wangu," akanong'ona, ingawa hakuna aliyemuuliza kitu.

Taa ziliporudi, akavuta droo. Michoro ilikuwa thelathini, na hapo awali, katika yote, punda alikuwa akimtazama mtu usoni huku akicheka. Anakumbuka vizuri, maana aliikata kwa mkono wake. Sasa punda wote thelathini walikuwa wamefumba midomo, na kila mmoja alikuwa amegeuza shingo, akiitazama kona iliyokatwa.