Hakuna Uhusiano

"Kaka, hiyo simu umeielekeza kwangu kwa nini?"

Evaresta aliuliza kwa sauti iliyowafanya wauza mitumba watatu wageuke. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, baridi ya Arusha haina huruma, na soko la Mbauda limejaa watu wanaotafuta makoti. Yeye alivaa sweta la kijani lenye shingo ndefu, jinzi, na raba nyeupe ambazo vumbi la Sombetini lilikuwa limeshazionea. Hatua nne mbele yake alisimama kijana mrefu, shuka la Kimaasai begani juu ya shati la ofisini, ameinua simu.

"Sikupigi picha wewe, dada. Napiga moshi."

"Moshi?"

"Huo hapo nyuma yako. Wa nyama."

Muuza makoti aliangua kicheko. "Dada, leo umepatikana! Wanaume wa kutongoza nimewaona hapa wa kila aina, ila huyu wa moshi ni mpya."

Ni kweli nyuma yake kulikuwa na jiko la nyama choma likifuka. Lakini Evaresta hakulelewa kuamini haraka. Baba yake, mfanyabiashara Mchaga aliyehamia Njiro kutoka Kibosho, aliuliza kila jambo mara mbili, na binti alimzidi.

"Nionyeshe."

Zilikuwa picha kumi na mbili za moshi. Katika tatu ulionekana uso wake.

"Futa hizi tatu. Na kule kwenye zilizofutwa, futa tena. Najua huko ndiko mnakozificha."

Kijana akafuta, akacheka. "Aisee! Hata uwanja wa ndege hawanipekui hivi."

"Uwanja wa ndege hukuwapiga picha."

Aliitwa Loishiye, mtoto wa Olmotonyi, aliyesomea misitu kisha akahamia kwenye kompyuta. Wakila mishikaki, alimweleza. Yeye na rafiki yake Nelson walikuwa wamefunga kamera kwenye miteremko ya Meru ili kuona moto wa msitu kabla haujasambaa. Picha zilisomwa na akili mnemba, nayo ilikuwa bado mshamba: ikiona moshi wa jiko la mama fulani au wa warina asali, inapiga kelele kwamba mlima unaungua.

"Kwa hiyo nazunguka kutafuta moshi usio na hatia," alisema. "Na wewe unafanya nini?"

"Niko ofisini. Makaratasi tu."

Jibu hilo lilikuwa fupi kuliko ukweli. Evaresta alikuwa mkaguzi katika ushirikiano wa nchi saba uliokubaliana kwamba hakuna mfumo wa akili mnemba utakaotumika kwenye miradi ya maendeleo bila kibali. Kazi yake ilikuwa kuuliza kama watu waliomo kwenye picha waliombwa ruhusa na kama wanyonge hawaonewi. Wakaguzi hawakuruhusiwa kujitangaza ovyo, naye hakujitangaza. Namba ya simu, hata hivyo, aliitoa.

Wiki sita zilizofuata walizungumza kila siku.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula loshoro kwa yeyo."

"Mahindi na maziwa tena! Utakuja kuota pembe wewe."

"Njoo uonje mapishi ya mama yangu kwanza, ndiyo unitukane."

"Nije kama nani?"

Loishiye alinyamaza muda mrefu mno. "Hilo lina utaratibu wake, mrembo wangu," alisema mwishowe. Evaresta alicheka, lakini kimya kile alikwenda nacho kitandani.

Mwezi wa tisa, faili jipya lilitua mezani kwake: mfumo wa kutambua moto, Mlima Meru, waombaji Loishiye na Nelson. Kanuni ilikuwa wazi, mkaguzi mwenye uhusiano na mwombaji anajaza fomu na kukaa kando. Alijaza siku hiyo hiyo, faili akamkabidhi mwenzake Brightness. Kwa Loishiye hakusema kitu, kwa sababu mambo ya faili hayatoki nje ya ofisi. Mimi msimulizi nampenda huyu binti, ila hapa alikosea: angeweza kumwambia kazi yake bila kutaja faili.

Siku nne baadaye Brightness alikuja na karatasi mkononi, uso umemshuka.

"Eva, huyu ndiye yule uliyemwandika?"

Ilikuwa fomu ya mwombaji. *Je, una uhusiano wa kifamilia, kibiashara au kimapenzi na mkaguzi yeyote kati ya wafuatao?* Jina la Evaresta lilikuwa la tatu kwenye orodha. Chini yake, kwa mwandiko ule ule mzuri uliokuwa kwenye kadi aliyompa siku yake ya kuzaliwa, Loishiye ameandika: Hakuna.

"Ninyi wawili, mmoja ni mwongo," Brightness alisema taratibu. "Na mimi siwezi kuikalia hii."

Evaresta hakulia ofisini. Alianza kupiga hesabu ya kila neno aliloambiwa tangu Mbauda. Labda hata ule moshi ulikuwa mtego. Labda alijua tangu mwanzo yeye ni nani. Simu ilipoita jioni aliiacha iite. Siku ya pili aliipokea.

"Mpenzi, mbona kimya?"

"Usiniite hivyo. Mimi na wewe hakuna uhusiano, si ndivyo ulivyoandika?"

Loishiye alishusha pumzi. "Na wewe je? Makaratasi tu, kumbe makaratasi yenyewe ni yangu! Nimeliona jina lako kwenye orodha nikadhani naota. Tangu siku ile sokoni ulikuwa unanikagua?"

"Siku ile sikukujua!"

"Ulinipekua simu, Evaresta."

"Na wewe ulinipenda lini? Kabla ya kuomba kibali, au baada?"

"Hilo swali linaniumiza."

"Basi tuumie wote."

Akakata. Walikuwa wanapendana wale, na kila mmoja akabaki amejifungia na mashaka yake, akiyatafutia ushahidi.

Barua za wito zilifika Jumanne. Wote wawili wahudhurie mbele ya kamati Alhamisi, saa nne asubuhi. Ikibainika mkaguzi ndiye aliyedanganya, anafukuzwa kazi. Ikibainika ni mwombaji, mfumo wake unaondolewa kwa mwaka mzima na kamera zote zinazimwa.

"Sema ni mshkaji wako tu," Nelson alishauri. Alikuwa ametumia miaka mitatu kupanda mlima na nyaya mgongoni. "Meseji futa. Nani atathibitisha? Kaka, tusipoteze kila kitu kwa sababu ya demu."

"Na yeye?"

"Msomi yule. Atapata kazi nyingine."

Loishiye alikuwa anajua kwamba ukaguzi wa mfumo wao ulikuwa umekwenda vizuri, na kwamba uongo mmoja mdogo ungempa kila alichokitaka isipokuwa Evaresta.

Upande wa pili, Brightness naye alimbembeleza Evaresta. "Sema ulikosea, shoga. Sema ulifikiri kuna kitu. Labda wataelewa."

"Nilifikiri kuna kitu," alisema Evaresta, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Alhamisi Mlima Meru ulikuwa wazi kabisa dirishani. Evaresta alivaa gauni jeusi na kikoti cha kitenge, nywele amezifunga nyuma. Loishiye alivaa suti ya Nelson, mikono imeishia juu ya vifundo. Hawakutazamana. Mwenyekiti, Mama Silantoi, alikaa katikati, kulia kwake mjumbe kutoka Malawi, na ukutani kwenye skrini mama mmoja wa Norwei.

"Shikamoo, mama," wote wawili walisema kwa pamoja, wakaona haya.

"Marahaba. Evaresta, uliandika una uhusiano na huyu bwana. Unashikilia hivyo?"

"Nashikilia."

"Una ushahidi?"

"Meseji ziko kwenye simu yangu. Lakini sizisomi hapa, mama. Yale ni mazungumzo ya watu wawili, na mmoja wao hajaruhusu."

Mjumbe wa Malawi aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Loishiye alimtazama Evaresta kwa mara ya kwanza.

"Bwana Loishiye?"

Nelson, nyuma, alikohoa. Loishiye alisimama.

"Fomu ya uongo ni yangu."

Nelson alifunika uso kwa viganja.

"Kwa nini uliandika hakuna?"

"Kwetu mwanamke hatajwi hadharani kabla wazee hawajaenda kwao. Baba yake hanijui hata sura. Nikimwandika kwenye karatasi ya kusomwa na nchi saba, naona nimemvunjia heshima. Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kuisema bila aibu. Lakini pia niliogopa kukosa kibali. Na nilikuwa na hasira kwamba alinificha kazi yake. Yote yalikuwamo."

Mama wa Norwei alisema neno, Mama Silantoi akalitafsiri. "Anataka kujua tu, mlikuwa na uhusiano au hamkuwa nao?"

"Tunao. Nampenda."

Mama Silantoi aliandika kwa muda mrefu. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa na huruma, hukumu yake haikuwa nayo. Mfumo umeondolewa. Mwakani utakaguliwa Lilongwe na watu wasiomjua mwombaji. Kamera zizimwe kabla ya Jumatatu. Evaresta aendelee na kazi.

Nelson alitoka bila kumuaga mtu. Loishiye alishuka ngazi polepole, akafika kwenye maegesho, akasikia viatu vya visigino vikimfuata.

"Yale uliyasema kwa ajili ya kamati, au kwa ajili yangu?"

Aligeuka. "Bado unashuku?"

"Nijibu."

"Kibali kimekwenda, Evaresta. Miaka mitatu yangu na ya Nelson naenda kuizima mwenyewe mlimani, na sijui kama rafiki yangu atanisamehe. Ofisini kwenu sina ninachokiomba tena. Na bado niko hapa."

Evaresta alimtazama kama alivyozoea kutazama mafaili, akitafuta pale palipofichwa kitu. Hakupaona.

"Na mimi nisamehe," alisema. "Nilikimbilia kuiambia ofisi kabla sijakwambia wewe hata kazi ninayofanya."

"Hivi, kwenye ile fomu yako, walipouliza uhusiano wa aina gani, uliandika nini?"

Evaresta aliangalia pembeni. "Mchumba."

"Mchumba! Kabla sijasema?"

"Nilichoka kukungoja, baba wee."

Loishiye alicheka hadi akaegemea gari la watu, kisha kicheko kikaisha ghafla. "Jumamosi baba mdogo Ephraimu na wazee wawili wako nyumbani. Niwatume kwenu?"

"Baba yangu atawahoji kuliko kamati."

"Awahoji."

"Na Lilongwe wakiukataa tena mwakani?"

"Watakuwa wameukataa mfumo wa mtu mwenye mke."

Evaresta alifungua mkoba, akatoa simu, akabonyeza namba akiwa bado anamkazia macho asije akabadili maneno.

"Shikamoo, baba. Jumamosi usisafiri. Hapana, sijafukuzwa kazi. Kuna wageni."

Sauti ya mzee ilisikika hadi kwa Loishiye, kali na yenye mashaka. "Wageni gani hao? Wa nani?"

Evaresta alimshika Loishiye mkono, pale pale mbele ya walinzi na madirisha yote ya ofisi.

"Wa kwangu, baba."