Mawe ya Kipsing

Haya yalimkuta rafiki yangu Nakolong, mjane wa mtaa wa Bulla Pesa. Marehemu mumewe Achuka alimwachia tangi la samaki wa bahari. Mawe yake yalipoanza kunuka, samaki walikufa akabaki mmoja, na huyo hakutaka kumpoteza.

Shemeji yake Ekitela, mzaliwa wa mjini, alimletea mawe mengine kutoka nyika ya Kipsing.

"Nimeyakuta yamerundikwa kando ya njia, shemeji. Kazi rahisi."

Nakolong alikuwa ameshayapanga majini. "Hilo ni kaburi, Ekitela. Kila anayepita huongeza jiwe."

Jioni hiyo stima ikapotea, pampu ya hewa ya tangi ikanyamaza. Akiomba gizani, Nakolong alisikia jiwe likiwekwa taratibu juu ya mengine, ndani ya maji.

Stima iliporudi, samaki alikuwa hai. Juu ya rundo palikuwa na jiwe lenye msalaba mweupe, lile Nakolong aliloliweka mwenyewe kwenye kaburi la Achuka, makaburini hapa mjini.