Alisema Ndiyo kwa Kiajemi

"Alhamisi mama yangu alikuomba nini?"

Fundi makochi alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, misumari midogo ameibana midomoni, simu ameibana kwa bega. Aliitema misumari kiganjani.

"Umerudi, mpenzi? Mbona hukuniambia nije nikupo—"

"Nimekuuliza swali."

"Alhamisi? Tulizungumza tu. Mambo ya kawaida."

"Mambo gani?"

"Ya kifamilia. Alinionyesha picha yake na mdogo wake wakiwa wasichana. Akalia kidogo. Nikampa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba."

Fundi alisikia mlango ukifungwa upande wa pili, kama mtu anayetafuta mahali pa kupandisha sauti.

"Msiba wa nani, wewe? Mama mdogo yuko hai! Jana alikuwa uwanja wa ndege wa hapa hapa mjini, anabadilisha ndege, ana saa chache tu. Hawajaonana tangu mama aolewe. Mama alikuomba umpeleke. Alikueleza siku, saa, kila kitu. Na wewe ukamjibu nini?"

Misumari ilimchoma Fundi kiganjani.

"Ulimjibu *chashm*," alisema mchumba wake, na simu ikakatika.

Neno lile Fundi alilijua. Kwa Kiajemi ni jibu la adabu, mtu akikuomba jambo nawe ukalipokea kwa heshima zote: nimesikia, litafanyika. Alilipenda kwa kuwa lilikuwa fupi, na kila alipolitamka uso wa mama mkwe mtarajiwa ulichanua.

Sasa ndipo jana ikamrudia. Alikuwa amepita jioni na mkate, kama alivyoagizwa na mchumba wake kabla hajasafiri. Alimkuta mama ameketi kwenye kiti karibu na mlango, amevaa koti lake zuri, mkoba wa zawadi miguuni. "*Salam!*" Fundi alisema kwa bashasha. Mama alimtazama, hakuitikia. Fundi akadhani ametoka barazani kupunga upepo, amechoka. Basi akamsaidia kuvua koti. Akalitundika msumarini, akalipangusa mabegani, akaaga.

Alilitundika yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

"Vipi, Profesa?" aliuliza mwenye karakana, mzee mcheshi aliyempa jina hilo tangu alipoanza kujigamba na Kiajemi chake. "Mbona umekaa sakafuni kama mzigo usio na mwenyewe?"

"Nimeharibu, mzee."

"Kitambaa?"

"Laiti kingekuwa kitambaa."

Jambo lenyewe lilianza vizuri. Mchumba wake, mpima ardhi, alikuja nchi hii kusoma, akabaki kufanya kazi, na lugha ikamkaa mdomoni kama aliyezaliwa nayo. Baba yake alipofariki, alimleta mama waishi pamoja. Mama hakujua neno la hapa, macho yake yalikuwa hafifu, na hakuthubutu kutoka peke yake.

"Ukitaka kunioa, mzungumzishe mama yangu," mpima alimwambia siku moja. "Sitaki awe kama kabati nyumbani kwetu, watu wanampita tu."

"Hilo dogo. Herufi zao si kama za Kiarabu? Hizo nazijua tangu utotoni. Nipe wiki chache."

Alijiandikisha darasa la jioni. Siku ya kwanza mwalimu aliuliza nani ana mwanga kidogo, naye akanyoosha mkono wa kwanza. Akaitwa ubaoni kusoma neno. Herufi alizitambua kweli, lakini hazikuwa na zile alama za juu na chini alizozoea kuzifuata utotoni, na bila alama hizo hakujua ulimi auelekeze wapi. Katikati ya neno kulikuwa na herufi yenye nukta tatu chini ambayo hakuwahi kuiona. Alisimama pale akitokwa jasho, chaki mkononi. Muuza maua aliyekaa nyuma, mama mtu mzima ambaye hakujua hata alifu alipoingia, alicheka kwa mkono mdomoni. Hakucheka kwa ubaya. Lakini Fundi hakurudi tena.

Kila jioni ya darasa alibaki karakana, akijifunza salamu kwenye simu. Somo la siku za wiki aliliruka, akaona la watoto. Salamu, *bale*, yaani ndiyo, na *chashm*: kwa mtaji huo aliketi na mama mchana baada ya mchana, akitikisa kichwa. Mama akiongea kwa kucheka, naye alicheka. Mama akiinamisha uso, naye aliinamisha wake.

Mpima kabla hajaondoka kwenda kupima bonde ambako mtandao haufiki, alimtumia ujumbe: "Mama anasema wewe unamsikiliza kuliko mimi. Anakuita *pesaram*, mwanangu. Nakupenda mpaka naona aibu."

Naye akajibu: "Lugha si ngumu ukiwapenda wenyewe."

Alipoukumbuka ujumbe huo, akiwa bado sakafuni, alitamani kuingia ndani ya kochi ashonwe humo humo.

Mchana ule ule alikwenda. Mpima alifungua mlango, macho mekundu, viatu vya kazi bado vina udongo.

"Umefuata nini?"

"Kuomba radhi. Nitafsirie kwa mama."

"Sikutafsirii. Si unajua? Ingia umwambie."

Mama alikuwa kwenye kiti kile kile. Fundi alisimama mbele yake, kofia mkononi, akatafuta kichwani na kukuta hakuna kitu.

"Mama... *bebakhshid*." Nisamehe. Hapo akafika mwisho wa maneno yake.

Mama aliuliza jambo, taratibu. Ulimi wa Fundi ulikuwa umeshazoea. *Bale* ilimfika mpaka kwenye meno. Aliimeza.

"Sielewi," alisema kwa lugha yake. "Mama, sielewi. Sijawahi kuelewa."

Mpima aliegemea ukuta. Alitafsiri bila kutaka.

"Anauliza: hata siku alipokusimulia jinsi baba alivyokata roho mikononi mwake, hukuelewa? Anasema ulimshika mkono."

Fundi alitikisa kichwa kwamba hapana, huku anatazama zulia.

Mama aliinuka. Alisema maneno machache, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Amesema nini?"

"Amesema, kumbe muda wote alikuwa anazungumza na ukuta. Ukuta unaoitikia." Mpima alijifuta uso kwa kiwiko. "Mimi sijawahi kumsimulia mtu kifo cha baba. Mama naye hakuwa amemsimulia mtu. Akakuchagua wewe."

"Niliona aibu kusema sijui."

"Na darasani ulikuwa unakwenda?"

"Siku moja tu."

"Siku moja! Na mimi najisifu kwa wenzangu kambini, mchumba wangu hivi, mchumba wangu vile!" Alicheka kicheko kikavu. "Sasa niambie. Mimi nimekuuliza mambo mangapi? Kama utakubali mama akae nasi. Kama hutajali safari zangu. Uliitikia yote haraka haraka. Hayo nayo ulikuwa unatikisa kichwa tu?"

"Hapana! Hayo nilielewa."

"Nitajuaje?"

Fundi alivaa kofia yake. Alitoka akipita kando ya lile koti msumarini bila kuliangalia.

Simu zake hazikupokelewa. Karakanani, yule mzee alimwona anapigilia kitambaa, upande wa nyuma ukiwa mbele.

"Profesa, toa misumari hiyo uanze upya. Hiyo si kazi."

"Usiniite hivyo, mzee."

"Nikuite nani basi?"

"Mwanafunzi."

Jioni alirudi darasani. Mwalimu alimtazama juu ya miwani.

"Ahaa. Yule anayezijua tangu utotoni."

"Sijui kitu, mwalimu. Nianzishie mwanzo."

Muuza maua alisogea, akampisha kwenye benchi la mbele. "Karibu. Safari hii sicheki. Na ukinicheka mimi, nitakuchoma na miiba."

Akaanza mwanzo. Alifundishwa kwamba zile zenye nukta tatu chini ni sauti ambazo Kiarabu hakina. Alifundishwa kwamba zipo herufi zisizomshika jirani wa mbele, na yeye alikuwa anaziunganisha zote kama mabehewa. Neno lake la kwanza aliloandika bila kosa lilikuwa *ab*, maji. Alilitazama muda mrefu. Siku moja, akijifunza siku za wiki, alikutana na *shanbe*, Jumamosi, na mara moja akalisikia kwa sauti ya mama: alilitamka siku ile ya Alhamisi, tena na tena, akimgonga gonga kiganja ili lisimpotee. Fundi alifunga kitabu, akatoka nje kidogo.

Majuma yalipita. Akamwandikia mpima: "Sikuombi turudiane. Naomba ruhusa nikae na mama, akikubali. Sasa naweza kusoma maneno mafupi, na nikikosea nitasema nimekosea."

Siku hiyo hakujibiwa. Kesho yake ukaja ujumbe: "Nimemsomea mama. Anauliza, ukuta umejifunza kusoma?"

"Mwambie umejifunza herufi. Maneno bado."

"Anasema uje Jumapili. Mimi nitakuwepo, lakini sitakusaidia."

Jumapili mama alimketisha mezani, mbali, kama mgeni. Hakumwita *pesaram*. Alimwita *agha*, bwana, na neno hilo lilimchoma Fundi kuliko tusi. Alikuwa amejiandaa kwa sentensi tatu, na alizisoma kwenye karatasi: nilidanganya, naona aibu, tafadhali nifundishe.

Mama alichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaweka kidole kwenye neno.

"Umelisahau jino," mpima alisema akichungulia begani mwa mama, sahani mkononi, akielekea jikoni. "Herufi ina meno matatu, umechora mawili."

"Si ulisema hutanisaidia?"

"Sikusaidii. Nakuaibisha."

Mama aliuliza amesema nini, akatafsiriwa, akabana midomo ili asicheke. Kisha akaanza kuongea. Maneno mengi yalimpita Fundi kama magari barabara kuu. Akanyanyua mkono.

"*Nafahmidam*." Sikuelewa.

Mama akarudia, polepole.

"*Nafahmidam*, mama."

Akarudia tena, kwa maneno mengine, na mikono. Mchana mzima ukawa huo. Kila alipolisema neno lile, Fundi alisikia uso ukiwaka; kila alipolisema, mama alisogeza kiti kidogo. Karibu na jioni alianza kusimulia habari fulani akitazama dirisha, na Fundi akashika maneno machache tu: mume wangu, mkono, maji. *Ab*. Mume ndiye aliyeomba maji. Fundi hakutikisa kichwa.

"Aliomba maji," alisema kwa Kiajemi kibovu. "Na wewe?"

"Nilimpa," mama alisema.

Jikoni sahani iliacha kuoshwa.

Hakukuwa na msamaha uliotangazwa siku ile. Mpima alimsindikiza mpaka mlangoni.

"Mama mdogo anarudi," alisema. "Alikwenda kumwona mjukuu, anapita tena hapa mwezi ujao. Nimeshaomba ruhusa kazini, nitampeleka mama mimi mwenyewe."

"Vizuri. Sistahili kuja."

"Sijakuuliza unastahili nini. Mama anasema gari la karakana unaloliendesha lina nafasi, na dereva wake ana deni la safari. Utaendesha?"

Fundi alifungua mdomo.

"Fikiri kwanza," mpima alimwahi. "Unaelewa unachoombwa?"

"Niwahi kumfikisha, nisubiri mpaka waagane, nisiondoke hata wakikaa kimya."

"Sasa jibu."

"*Chashm*," alisema, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeshika glasi ya watu.

Siku ya siku walifika mapema hata kabla ya wafagiaji kumaliza sakafu. Mama alivaa koti lile. Fundi ndiye aliyelitoa msumarini. Mama mdogo alipotokea, mwanamke mfupi mwenye kasi, dada hao wawili walishikana nyuso kama watu wanaotafuta taa gizani. Fundi alirudi nyuma, akasimama karibu na mikokoteni ya mizigo.

Hakuachwa huko. Mama mdogo alimjia moja kwa moja, kidole mbele, akamwaga maneno kwa kasi ambayo darasa halikuwahi kumwonyesha. Alipomaliza, watu wote watatu walimtazama. Hata abiria wa pembeni walitazama. Masikio ya Fundi yalipata moto, na *bale* ya zamani ikajileta yenyewe.

"*Nafahmidam*," alisema, wazi, mbele ya watu. "Sikuelewa, mama mdogo. Tafadhali, polepole."

Mama mdogo alimgeukia dada yake. "Huyu ndiye ukuta?"

"Huyu ni *pesaram*," mama alisema.

Hilo Fundi alilielewa bila kurudiwa. Aliinamisha kichwa ili wasimwone macho.

Mama mdogo akarudia swali, neno moja moja, kama anayemlisha mtoto. Katikati yake lilikuwemo neno moja ambalo halikuhitaji darasa: *arusi*. Lini?

Fundi alimtazama mpima ardhi. "Nimeelewa alichouliza," alisema. "Lakini siwezi kuitikia peke yangu. Sitaitikia tena jambo lisilo langu peke yangu."

Mpima alimwangalia kwa muda, kama anavyoangalia ardhi kabla hajapigilia kigingi.

"Nitakuuliza tena yale yote," alisema. "Mama kukaa nasi. Safari zangu. Moja moja. Na usipoelewa?"

"Nitasema sikuelewa."

"Hata mbele za watu?"

"Si umeniona?"

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka bondeni. Kisha akamgeukia mama yake mdogo, akaweka mkono kifuani, akajibu yeye:

"*Chashm*, mama mdogo. *Chashm*."