Kishada Kilicholiwa Kabla ya Baraka

Kila asubuhi Varduhi alimsaidia mama yake kubandika mikate myembamba kwenye kuta za tanuri la shimoni. Kisha alichukua fimbo, akaenda kufukuza ndege katika mizabibu ya Bibi Shahanush, mke wa mwenye ardhi ya kijiji cha Karaygi. Mwaka ule kazi ya tanuri ilikuwa yake karibu yote, maana mama alikuwa na mimba ya miezi minane na kuinama kulimshinda.

"Hamu yangu ni zabibu tu," mama alimwambia. "Naziota tangu zilipokuwa kijani."

Lakini Karaygi hakuna aliyeonja zabibu kabla askofu hajazibariki siku ya sikukuu ya Bikira Maria. Hata mjamzito alingoja.

Askofu mwenyewe alikuwa mgeni. Jina lake Yeznak, mtoto wa mtengeneza ngozi kutoka milimani. Waliomtangulia walitoka koo kubwa na walikuja kwa farasi. Huyu alikuja kwa miguu, na viatu alivishona mwenyewe.

"Ndiye huyu wa kutubariki?" Bibi Shahanush aliwauliza watu kisimani. "Upepo ukitoka upande wake, utadhani kuna mbuzi amechunwa."

"Kwao hata mzabibu hawaujui," mtunza shamba akadakia. "Atabariki majani, aache matunda."

Watu wakacheka. Varduhi naye akacheka, akajiona mkubwa.

Siku moja kabla ya sikukuu, alisimama chini ya kishada cha zabibu kilichofungwa kitambaa cheupe, kile kilichochaguliwa kukaa juu ya sinia la baraka. Akaonja punje moja. Akaonja na nyingine. Alipozinduka, mkononi kilibaki kikonyo kitupu. Akakimbilia mferejini kusugua midomo iliyokuwa imegeuka zambarau.

"Nani amekula?" Bibi Shahanush alifoka mchana ule.

Mbali kidogo, kwenye ukingo wa shamba, askofu alikuwa ameketi akishona kiatu. Varduhi akamnyooshea kidole. "Yule."

Hakuna aliyemuuliza swali la pili.

Kesho yake, uani mwa kanisa, askofu aliponyoosha mkono juu ya sinia, Bibi Shahanush alisema kwa sauti ya kusikika, "Baba Askofu, njaa ya milimani ni mbaya, eti? Hata siku moja ilikushinda kungoja?"

"Nimekula nini, mama?"

"Kishada chetu. Mtoto amekuona."

Askofu akamtazama Varduhi, kisha akaurudisha mkono wake. "Aliyekula kabla ya baraka hawezi kubariki. Kama mnaamini ni mimi, mwiteni mwingine."

Huyo mwingine alikuwa mwendo wa siku kumi. Mama yake Varduhi, aliyekuwa amekwisha kukinga kiganja, alikifunga polepole, akakishusha.

Varduhi aliuona mkono ule ukishuka.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekula."

"Kumbe," Bibi Shahanush akabinua mdomo. "Mtoto wa mwoka mikate, utategemea nini? Mwizi, tena mwongo."

"Jana ulimwamini mwongo huyo kabla hajafunga mdomo," askofu alisema. "Angemtaja mumeo, ungemuuliza maswali mia."

Safari hii hakuna aliyecheka. Askofu alizibariki zabibu, na kishada cha kwanza akakiweka mkononi mwa mama yake Varduhi. Varduhi akapewa sinia alizungushe kwa watu wote, Bibi Shahanush akiwemo, na yeye ale wa mwisho. Lilipomrudia, lilikuwa na vikonyo tu.

Njiani, mama alikata nusu ya kishada chake, akampa.

"Kwa nini ulimtaja yule?"

"Nilijua wataamini."

"Waliamini kwa sababu tulishamdharau. Uongo ni wako, Varduhi, na usiurudie. Lakini njia tulikusafishia sisi wakubwa. Kesho utampelekea mikate ya moto, umwombe radhi." Mama akatema mbegu. "Nami nitakwenda nawe. Pale kisimani nilicheka pia."